Kima punju na barabara ya Jozani: mnyama akishazoea watu

Barabara ya lami itokayo Unguja mjini kwenda Paje na Makunduchi inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, kiasi cha kilomita 35 kutoka mjini. Upande mmoja kuna msitu mkubwa wa mitondoo na ofisi ya hifadhi. Upande wa pili kuna mashamba ya watu, yenye minazi, miembe na mikungu (miti yenyewe, si mikungu ya ndizi). Kima punju wanakula huku, wanapumzika kule, na siku hiyohiyo wanarudi. Mgeni aliyelipa kiingilio naye anavuka barabara ileile, kwa sababu makundi yaliyozoea watu mara nyingi yako mashambani. Hivyo gari linalowahi ufukweni, kundi la kima na kundi la watalii hukutana kwenye kipande kimoja cha lami.

Hapa hakuna jangili wala msitu uliofyekwa wote. Mnyama analindwa kisheria, wanakijiji wanamjua, wageni wanatoka mbali kumwona, na bado alikuwa akifa karibu na geti. Kilichomponza ni kile kile kilichompa umaarufu: amezoea watu. Kima asiyekimbia binadamu ndiye anayepigwa picha vizuri, na ndiye anayekaa katikati ya barabara gari likija.

Kwanza mnyama mwenyewe

Kima punju, ambaye jamaa zake wa Bara huitwa mbega wekundu, asili yake ni Unguja na visiwa vidogo vya jirani kama Uzi na Vundwe. Wachache walihamishiwa msitu wa Ngezi, Pemba, miaka ya 1970. Sensa kamili iliyotangazwa 2019 ilipata kima 5,862, zaidi ya mara tatu ya makisio ya zamani. Watu walishangilia, na walikuwa na haki, lakini mnyama huyu bado yumo kwenye kundi la walio hatarini kutoweka. Jike huzaa mtoto mmoja tu, na hukaa takriban miaka miwili au zaidi kabla ya kuzaa mwingine. Ukipoteza majike wanne kwa mwaka katika kundi la kima arubaini, pengo hilo halizibiki msimu unaofuata.

Neno punju ni sumu. Wazee walisema mti anaoulia kima huyu hukauka, na mbwa akimla hunyonyoka manyoya. Imani hiyo ilimkinga na sufuria kwa muda mrefu, ila pia ilimpa jina baya kwa mwenye shamba.

Tumbo lake ndilo linaloeleza karibu kila kitu kinachotokea barabarani. Lina vyumba vinavyochachusha majani, mfano wa tumbo la ng'ombe. Kwa hiyo anakula majani machanga, vikonyo, maua na matunda mabichi. Matunda yaliyoiva yenye sukari nyingi hayamfai: sukari huchacha haraka mno ndani ya tumbo la aina hiyo na kuleta asidi na gesi. Anayemrushia ndizi mbivu hamfanyii ukarimu.

Majani ya mkungu na mwembe yana protini nzuri, lakini yana pia kemikali za jamii ya fenoli zinazozuia umeng'enyaji. Kima punju wa mashambani wamepata dawa yake: wanakula mkaa. Uchunguzi wa Thomas Struhsaker na wenzake uliochapishwa 1997 ulionesha kwamba mkaa wanaoutumia hunasa fenoli hizo vizuri huku ukiacha protini. Mkaa wanaupata kwenye visiki vilivyoungua, kwenye mabaki ya matanuri na hata kwenye majivu ya meko karibu na nyumba, na watoto hujifunza kwa kumtazama mama. Ni tabia ya kupendeza kuitazama. Ila angalia inakomwelekeza mnyama: chini ardhini na karibu na watu.

Kwa hiyo kima huyu havuki barabara kwa kuzurura. Anafuata mkungu uliochipua, mwembe wenye majani mekundu machanga, na mkaa. Vyote vitatu vinapatikana kwa wingi upande wa mashamba. Msitu wenye vivuli vya kupumzikia na miti mirefu ya kulala uko upande wa pili. Ukiweka lami kati ya chakula na malazi, mnyama atavuka, na hakuna kibao cha barabarani kinachosomwa na kima.

Nini hasa kinatokea kwenye lami

Kundi la kima punju halivuki kwa pamoja. Wawili watatu wanatangulia, wanakaa pembeni, wengine wanafuata kwa vipindi, na majike wenye watoto mara nyingi wamo kwenye mkia wa msafara. Dereva anaona kima wanne wamevuka, anadhani wamekwisha, anakanyaga mafuta. Wa tano anachomoka. Kosa la pili ni la mnyama: akishtuka katikati ya njia hakimbilii ukingo ulio karibu bali waliko wenzake, hata kama ni kurudi mbele ya gari.

Mwendo ndio unaoamua. Dereva anayekwenda kilomita 80 kwa saa husafiri mita 33 hivi kabla mguu haujagusa breki, ukimpa sekunde moja na nusu ya kushtuka. Kisha anahitaji mita 35 nyingine na ushee kusimama kwenye lami kavu. Jumla ni takriban mita 70, na lami ikilowa inakaribia 95. Kwa kilomita 40 kwa saa, jumla kwenye lami kavu ni mita 26 hivi. Kwa 30, mita 18. Mbele ya kona yenye vichaka mpaka ukingoni, dereva wa 80 hana hiyo nafasi hata akiwa mpenda wanyama kuliko wote.

Ndiyo maana matuta yalifanya kazi ambayo vibao havikuifanya. Kabla hayajawekwa, kumbukumbu zinataja kima punju mmoja kuuawa kila wiki mbili au tatu. Ufuatiliaji wa miaka minne uliofanywa baada ya matuta ulipata wastani wa mmoja kila wiki sita. Ukigeuza hesabu kuwa ya mwaka, ni kushuka kutoka kati ya 17 na 26 hadi wanane au tisa. Ni mafanikio makubwa kwa gharama ya kifusi na lami. Lakini si sifuri, na hao wanane au tisa wana sababu zao.

Sababu ya kwanza ni nafasi kati ya tuta na tuta. Gari likitoka tutani kwa kilomita 20 kwa saa na kuongeza mwendo kwa kawaida tu, mita 100 zinatosha kulifikisha kilomita 60. Matuta yaliyoachana mita 200 au 300 yanamfundisha dereva mchezo wa kufunga breki na kufyatuka. Ili mwendo ubaki karibu na 40, umbali kati ya tuta na tuta usizidi mita 80 hivi, walau katika vipande ambako kima wanavuka mara kwa mara.

Ya pili ni umbo. Tuta jembamba la upana wa hatua moja huumiza gari linalokwenda polepole, ila gari zito likilivuka kwa kasi, springi hulimeza. Tuta pana la kiasi cha mita 3.7 kufuata urefu wa barabara, lenye kimo cha sentimita 7.5 hadi 10, huzidi kumsumbua dereva kadiri anavyoongeza mwendo, na abiria wa gari la shamba hawarushwi wala hawaumii migongo. Tatizo lake ni kwamba linakwisha. Malori hulisaga, mvua huchimba pembezoni, na pikipiki zikishapata kijinjia cha ukingoni tuta limekufa kwa upande wao. Rangi nyeupe ikifutika, mgeni aliyekodi skuta kwa mara ya kwanza halioni jioni, na hapo tuta linageuka hatari kwa mtu. Kipimo rahisi: pitisha kamba iliyonyooka juu ya tuta mara mbili kwa mwaka, kabla na baada ya masika. Kimo kikishuka chini ya sentimita 6, liinuliwe.

Ya tatu ni mahali. Matuta huwekwa karibu na geti kwa sababu hapo ndipo watu walipo. Kima anavuka palipo na mkungu. Wakati mwingine ni mahali pamoja, wakati mwingine pameachana.

Kuna wanaouliza kwa nini zisifungwe kamba juu ya barabara kama Diani, Kenya, ambako madaraja ya ngazi za kamba yamekuwa yakitumika kuvusha mbega na jamii nyingine za kima. Yanafaa, na kwa vipande ambavyo miti mirefu imesimama pande zote mbili tungeyaweka. Lakini yasifanywe mbadala wa matuta. Kima punju wa mashambani hushuka chini kwa hiari yake, kwa ajili ya mkaa na kwa sababu minazi na miembe imepandwa kwa kuachana, matawi hayagusani. Mnyama ambaye tayari yuko chini hapandi juu kutafuta daraja ili avuke mita sita za lami. Kinachoweza kumrudisha juu ni miti: kupanda na kuacha ikue pande zote mbili, ikikabiliana, mpaka matawi yakutane. Hiyo ni kazi ya zaidi ya miaka kumi. Na mkungu usipandwe kabisa kandokando ya barabara. Upandwe ndani, walau mita 50, ili usiwe chambo.

Vidaka vya mwenye shamba

Hakuna njia ya matembezi itakayodumu pale kama mwenye mnazi ana kinyongo. Kwa miaka mingi wakulima wa Pete na Jozani walilalamika kwamba kima punju wanamaliza nazi zao. Malalamiko yenyewe yalikuwa ya kweli kwa macho: kila mtu aliwaona kima juu ya mnazi wakitafuna. Kirstin Siex na Struhsaker wakalifuatilia jambo hilo kwa kuhesabu, na matokeo yaliyochapishwa 1999 yakawa kinyume cha matarajio ya wengi. Kima wanakula vidaka, yaani nazi ndogo changa kabisa. Hawagusi dafu, koroma wala nazi pevu. Na pale walipokula vidaka vingi, mavuno ya mwisho hayakupungua, yalielekea kuongezeka.

Anayeujua mnazi hatashangaa sana. Mnazi hubeba vidaka vingi kuliko unavyoweza kuvikuza, na vingi huanguka vyenyewe kabla ya kuwa vitale. Kima akiondoa baadhi mapema, anafanya kitu kama kupunguzia mti mzigo. Ila takwimu hizo hazimpi mtu ruhusa ya kumwambia mkulima kwamba hana hasara yoyote. Kima wanakula pia majani na matunda mabichi ya miti mingine ya shambani. Na kima wa kawaida, yule wa kijivu anayependa mbivu, hukaa maeneo hayohayo na huharibu ndizi na mahindi kwelikweli. Lawama zake huangukia kwa punju kwa sababu punju haondoki anapofukuzwa.

Lililo kubwa zaidi ni kwamba wageni wanawatazama kima ndani ya mali ya mtu. Utaratibu wa kurudisha sehemu ya mapato ya kiingilio kwa vijiji na kwa wakulima wenye mashamba hayo ndio ulioshikilia kisa hiki kisianguke. Kwa maoni yetu, mgawo huo una sharti moja la kiufundi linalosahaulika: mkulima aweze kuihakiki hesabu. Idadi ya wageni wa mwezi ibandikwe mahali pa wazi kijijini, pamoja na kiwango cha mgawo na tarehe ya malipo. Malipo yakichelewa miezi sita bila maelezo, panga linarudi kwenye mkungu, na mkungu ukikatwa kundi zima linahama, pengine kwenda mahali pasipo na tuta.

Njiani, kwa miguu

Jozani ina njia za msituni, njia ya mashambani ya kuwaona kima, na ulalo wa mbao unaopita juu ya mikoko kule Pete. Ulalo huo ni mzuri maji yakiwa yanajaa, wakati kaa wanapanda mizizi ya mikoko na samaki wadogo wanaingia chini yake. Maji yakitoka kabisa utaona vizuri zaidi mizizi ya mchu iliyochomoza kama penseli. Mbao zake hulainika kwa ukungu, basi viatu vyenye meno. Kwa mtu anayependa kutulia, upande huo una raha kuliko msongamano wa kima.

Kwenye kima, kanuni moja inabeba nyingine zote: umbali. Watazamaji wa sokwe wa milimani (gorila) huko Uganda na Rwanda huwekewa watu wanane kwa kundi, saa moja, na umbali ambao baada ya Covid uliongezwa kutoka mita saba hadi kumi. Hakuna sababu ya kima punju kupewa heshima ndogo zaidi, maana mafua ya binadamu hayamuulizi mnyama ukubwa wake. Mita kumi ni kama urefu wa magari mawili madogo yaliyopangwa mbele na nyuma. Kima akisogea mwenyewe, mgeni ndiye anayerudi nyuma, taratibu, bila kuchuchumaa. Kuchuchumaa kunamwalika mtoto wa kima kuja kuchunguza mkoba.

Hapa ndipo panapoharibika mara nyingi, na wa kulaumiwa si mgeni peke yake. Mtembezaji anayetegemea bakshishi anajua picha ya karibu inafungua pochi. Akimkataza mgeni mmoja, mwingine atampeleka. Kanuni inayomwachia mtembezaji mmoja mmoja jukumu hilo itavunjwa kila siku. Inayofanya kazi ni ile inayoelezwa getini kabla ya tiketi kukatwa, kwa sentensi tatu, na kuoneshwa kwa vigingi vya rangi vilivyochomekwa mita kumi kutoka miti inayoliwa sana. Kigingi kinamwondolea mtembezaji ugomvi. Haambiwi tena "wewe umenizuia", anaonesha mti.

Mengine ni mafupi. Mwenye kikohozi au homa abaki njia ya mikoko, au avae barakoa na akae nyuma. Chakula kibaki garini, si mkobani. Mwanga wa kamera uzimwe. Asubuhi na alasiri kima wanakula na wanaonekana vizuri. Adhuhuri wamelala matawini na hakuna haja ya kuwaamsha kwa kupiga makofi ili wageuke. Wakati wa kuvuka barabara, kundi la wageni livuke lote pamoja baada ya kima wa mwisho, wala lisisimame ukingoni kupiga picha, kwa sababu kima aliyebanwa kati ya watu na lami huchagua lami.

Atakayetaka kumwona paa nunga, swala mdogo anayepatikana Unguja na misitu ya pwani ya Kenya tu, ajiandae kutoona kitu. Paa huyu hajazoea watu na hakuna anayepaswa kumzoesha. Kwake yeye woga ndio ulinzi, maana wanaomfuata wana mbwa na nyavu. Alama ya kwato kwenye udongo laini inatosha kuwa zawadi ya siku.

Kuhesabu waliokufa

Kazi isiyo na mvuto, lakini bila hiyo hakuna atakayejua kama tuta limekwisha nguvu au mpangilio wa miti umebadilika. Watu wawili, kilomita tatu au nne za barabara, kwa miguu, mara mbili kwa siku: asubuhi kabla ya kunguru na mbwa hawajaanza, na jioni magari ya ufukweni yakipungua. Mmoja anatazama lami, mwenzake anatazama vichaka hadi mita tano pembeni, kwa sababu mnyama aliyejeruhiwa hujikokota. Anayehesabu mara moja kwa wiki atapata picha nzuri mno: mizoga midogo hutoweka ndani ya saa chache. Namba yoyote inayotokana na taarifa tu ichukuliwe kuwa ndiyo ya chini kabisa.

Kinachoandikwa ni tarehe, saa, mahali kwa simu au kwa namba ya nguzo iliyo karibu, aina ya mnyama, jinsia, mkubwa au mtoto, umbali kutoka tuta lililo jirani, na hali ya lami. Picha ipigwe na kalamu pembeni kwa kipimo. Mzoga usishikwe kwa mkono mtupu. Askari wa hifadhi waitwe, nao wauondoe barabarani, kwani wenzake hukaa wakiuzunguka na gari linalofuata huongeza idadi. Kama ni jike, tafuta kichanga kwenye matawi ya karibu kabla ya kuondoka.

Fomu ya namna hii mara nyingi huishia hapo. Ibaki nafasi ya safu moja zaidi: mti gani ulikuwa umechipua upande wa pili siku hiyo. Baada ya misimu miwili ya kujaza safu hiyo, mtu anaweza kuchukua chaki na kuonesha mahali ambapo tuta linalofuata linapaswa kujengwa.